Bima Nafuu ya Mutua na Mkongojo wa Mama Zaituni

Jibu fupi la swali lenu ni hili: nunueni pikipiki yenye injini ndogo, lipeni bima ya mwaka mzima kwa mpigo mmoja, ilazeni pikipiki mahali penye kufuli, na mkiulizwa maswali semeni yote. Bei itashuka. Nyinyi vijana wa bodaboda wa stejini hapa Pipeline, mnaoniamkia "niaje mzee" kila asubuhi kisha mnataka niwaonyeshe njia ya kupunguza bima, mnaweza kuishia hapo mkaendelea kutafuta abiria. Aliye na nafasi na abaki. Maana hayo maneno ya mwisho, semeni yote, ni rahisi kuyaandika, lakini nilimwona mtu mwema akiangushwa nayo, na tangu siku hiyo sijapata kuyaamini maelezo mafupi.

Kazi ya bima niliianzia katika ofisi ya wakala mmoja kando ya Jogoo Road, si mbali na mahakama za Makadara. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, nikingoja kazi ya wizarani ambayo naingoja mpaka leo. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vipuri. Mwenyewe, Bwana Mwakio, Mtaita mnene mwenye sauti ya kwaya, alinipa meza iliyoelekea ukutani na jina jipya. "Digrii, mteja." "Digrii, chai imeisha." Jina la wazazi wangu halikutajwa tena mle ndani.

Mimi ni mtu wa kufikiria jambo mpaka lioze. Simu ikilia, kabla sijaiinua nimekwisha kujiuliza ni nani amekufa. Mteja akitia sahihi, namtazama akishuka ngazi nikifikiria breki zake, tairi zake, watoto wake. Bwana Mwakio aliona hiyo ni hasara. "Sisi tunauza bima," aliniambia. "Wasiwasi wanakuja nao wenyewe kutoka nyumbani. Wewe usiwaongezee."

Wenye pikipiki wa siku zile hawakuwa kama nyinyi. Hakuna aliyebeba abiria kwa malipo. Walikuwa matarishi wa ofisi, wauza mikate, mafundi wa redio, wahubiri, wachongaji wa vinyago. Walitoka mitaa ya Maringo, Bahati, Kaloleni, Jericho, na wote walipanda zile ngazi na swali lenu hili hili.

Muuza mikate mmoja alitaka alipe nusu kwa sababu alikuwa anaendesha asubuhi peke yake. "Mchana mzima imelala," alisema. "Mnaikatia bima ikiwa imelala?"

Bwana Mwakio akamuuliza, "Ikiibwa mchana, utakuja kuniamsha?"

"Hiyo ni lazima."

"Basi na mimi silali. Lipa yote."

Mwingine, wa Makongeni, alikuwa amekwangua namba za ubavuni zinazoonyesha ukubwa wa injini, ili pikipiki kubwa ipite kama ndogo. Mimi nilikuwa nimekwisha kupiga chapa karatasi zake zote. Bwana Mwakio akashuka barabarani, akatupa tai begani, akainama kando ya ile pikipiki na kumwambia yule bwana aiwashe. "Sikiliza, Digrii. Hiki si kikohozi cha mtoto." Kisha akanionyesha namba iliyogongwa kwenye chuma cha injini, mahali ambapo kisu hakifiki. Nawaambia nyinyi vilevile: bima ya uongo ina bei nafuu sana, na siku ya msiba inalipa kwa kiasi hicho hicho cha uongo.

Kulikuwa pia na punguzo la kufuli, kwa pikipiki iliyolala ndani. Nililieleza punguzo hilo vizuri mno kwa fundi redio mmoja wa Jericho. Baada ya siku chache mke wake alikuja akiwa amejifunga leso kiunoni.

"Ni nani hapa aliyemwambia mume wangu alaze pikipiki ndani ya nyumba?"

Nikasimama. "Ni kwa usalama, mama."

"Nyumba ni chumba kimoja! Watoto wananuka petroli mpaka mwalimu ameuliza. Hilo punguzo nipeni mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayelala na hiyo pikipiki."

Bwana Mwakio alicheka mpaka akafuta macho. Mimi sikucheka. Nilikuwa naona kibiriti, jiko la mafuta ya taa na watoto kitandani. Nilienda Jericho mwenyewe jioni hiyo, tukaifunga ile pikipiki kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, upande wa nje, na nikaandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Punguzo likapungua kidogo. Ni sawa. Mkiweza kuwa na mnyororo mzuri na dirisha lenye nondo, msilale na petroli.

Sasa niwaeleze jambo moja la kazi, maana bila hilo hamtanielewa mbele. Kulikuwa na bima ya mtu wa tatu, ile inayomlipa uliyemgonga wewe, na ndiyo sheria iliyoitaka. Na kulikuwa na bima kamili, inayomlipa uliyemgonga na kutengeneza pikipiki yako pia. Kamili ilikuwa ghali. Lakini kampuni ilitoa punguzo lililozidi mengine yote: kila mwaka uliopita bila wewe kudai kitu, bei ya mwaka unaofuata ilishuka. Miaka michache ya kutodai, na bima kamili ilikaribia kulingana na ile ndogo.

Punguzo hilo lilinitia mashaka tangu wiki ya kwanza. Nilimwendea Bwana Mwakio. "Mtu akimgonga mwenzake kidogo, si atanyamaza asipoteze punguzo? Na akinyamaza, kampuni haitakuja kusema amewaficha?"

"Digrii," akasema, "ukiendelea kufikiri hivyo utakufa kabla ya kustaafu."

Nimestaafu. Yeye ndiye aliyekufa, Mungu amrehemu, na swali langu hajalijibu.

Mutua alikuwa mchongaji kutoka Machakos. Aliishi Kaloleni na mke na watoto, na kibanda chake cha kazi kilikuwa upande wa Gikomba, pamoja na wachongaji wenzake. Alichonga twiga na swala kwa ajili ya maduka ya watalii mjini. Kabla ya kuwa na pikipiki alikuwa anabeba kazi yake ndani ya gunia kwenye basi, na akifika mjini pembe zimekatika. "Swala asiye na pembe ni mbuzi," alikuwa akisema, "na hakuna mzungu aliyepanda ndege kuja kununua mbuzi." Kwa hiyo alilazimika kuwauzia madalali waliokuja kibandani na gari lao, kwa bei waliyoitaka wao.

Pikipiki ilimwondoa mikononi mwa madalali. Alitengeneza sanduku la mbao nyuma, akalitandika nyasi kavu, na kila swala alifika mjini na pembe zake mbili. Alinunua bima kamili, kwa sababu alijua kwamba siku atakayoikosa ile pikipiki, madalali watarudi wakicheka. Kila mwaka alikuja kuilipia akiwa amevaa shati la kanisani.

"Imeshuka?"

"Imeshuka tena, Mutua."

"Hee! Nitawaambia wale wa kibandani, wanasema bima ni wizi."

Maswali ya kampuni yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi nilimsomea kwa Kiswahili, moja moja. Umepata ajali yoyote? Hapana. Kwa sababu ya tabia yangu nilimuuliza mara mbili. Hata ndogo? Hapana, hakuna. Alinitazama machoni alipojibu. Nimeyarudia macho hayo kichwani kwa miaka, nikitafuta uongo ndani yake, na sijauona, kwa maana haukuwamo.

Siku moja ya mvua, kwenye Jogoo Road, pikipiki yake iliteleza kwenye mafuta yaliyomwagwa na lori. Ikamburuta mpaka kwa mtu aliyekuwa akisukuma mkokoteni wa makaa, baba wa watoto kutoka Kariobangi, ikamvunja mguu. Mutua alichubuka mwili. Pikipiki ilipinda chuma cha mbele kama mkia wa mbwa. Kesho yake alipanda ngazi zetu akichechemea, na ajabu ni kwamba uso wake ulikuwa na utulivu.

"Haya, Digrii. Nimewalipa miaka yote hii sijawaomba kitu. Yule mzee atibiwe, na pikipiki yangu inyooshwe."

"Itafanyika," nikamwambia. Na niliamini. Kwa mara ya kwanza katika kazi ile nilihisi kuwa tunauza kitu cha kweli.

Kampuni ilimtuma mkaguzi kutoka makao makuu. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vya kung'aa, anayesema "tafadhali" hata akiomba njia. Bwana Mwakio akanipa kazi ya kumwongoza, kwa kuwa mimi niliijua mitaa. Tulianza Kaloleni. Majirani walisema Mutua hanywi, hapigi kelele, haendeshi kwa fujo. Tukaenda kibandani Gikomba. Wachongaji wakasema hivyo hivyo, na mmoja wao, akitaka kumfaa mwenzake, akainua tezo lake akaelekeza upande wa mtaa wa Majengo.

"Kama mnataka kujua Mutua ni mtu wa namna gani, msituulize sisi. Kamuulizeni Mama Zaituni, yule wa mahamri."

Mimi sikuwa nimewahi kulisikia jina hilo. Mkaguzi akasema, "Tafadhali, nipeleke."

Mama Zaituni alikuwa mama wa Kiswahili, mzaliwa wa Majengo, mzazi wake mmoja akiwa mtu wa Mombasa. Tulimkuta kwenye baraza ya nyumba yake ya udongo, karai mbele yake, moto wa vipande vya mbao chini ya karai. Nilivitambua vile vipande. Vilikuwa mabaki ya kuchonga.

"Tumetoka kwenye bima, mama," mkaguzi akasema. "Ni kuhusu Mutua."

"Mutua mwanangu? Kaeni, kaeni. Nimesikia ameanguka. Kuna mtu anasema anaendesha vibaya?"

"Hatujui, mama. Ndiyo tumekuja kuuliza."

"Huyo anayesema ni muongo na mamake nitamwambia! Shika hii." Akavuta mkongojo uliokuwa umeegemea ukuta, akampa. Ulikuwa wa mti mwekundu uliolainishwa mpaka ukang'aa, na mpini wake ulikuwa shingo ya korongo aliyeinamisha kichwa.

Mkaguzi akaugeuzageuza. "Kazi nzuri."

"Si nzuri tu. Mti huo hauliwi na mchwa. Alinichongea kwa mkono wake na hakunitoza hata senti."

"Kwa nini hakukutoza, mama?"

Hapo ndipo akili yangu, inayozunguka jambo siku nzima, ilifika kabla ya kila mtu. Niliuona mkongojo, nikauona mguu wake alioukunjua kando kwa uangalifu, nikajua. Nikakohoa. Nikasema, "Mama, mahamri yanaungua."

"Hayaungui. Mimi ndiye ninayepika au ni wewe?" Akamgeukia mkaguzi, akacheka na mapengo yake yote. "Hakunitoza kwa sababu yeye ndiye aliyenivunja mguu!"

Akasimulia. Alikuwa anakata kona na sinia kichwani, pikipiki ikatokea, sinia kule, yeye huku. Mwingine angekimbia. Mutua alimbeba mgongoni mpaka akapata gari la kumfikisha hospitali. Akalipa yote. Kila Ijumaa alileta vipande vya mbao vya kupikia. Mguu ulipounga, mzee wa mtaa aliwaketisha hapa hapa barazani. Mutua alileta sukari na kahawa. Wakasoma Fatiha, naye, Mkristo, akainamisha kichwa pamoja nao, na mzee wa mtaa akasema neno hili limekufa leo, asilifufue mtu kwa ubaya.

"Mimi silisemi kwa kumshtaki," Mama Zaituni akaongeza. "Nalisema kwa kumsifu."

"Naelewa, mama. Aliripoti kwa polisi?"

"Polisi wa nini? Mtu na mamake?"

"Na kwa bima?"

"Mwanangu, wewe husikii. Nimekwambia tuliyamaliza."

"Ilikuwa lini, tafadhali?"

"Mwaka mjukuu wangu alipotiwa jandoni. Mvua zilikuwa zimekatika."

Mkaguzi akauliza mwaka huo ulikuwa upi, akaupata. Akanunua mahamri, akala mawili pale pale, akajipangusa sukari vidoleni. "Asante, mama. Umetusaidia sana."

"Muandikie vizuri!" akatuitia tulipokuwa tunaondoka.

Kampuni haikulipa. Ilisema Mutua alificha ajali, kwamba kila punguzo alilopewa tangu mwaka ule alilipata kwa hila, na kwamba bima yake ni kama haikuwahi kuwapo. Pesa alizolipa kwa miaka yote hawakusema kuwa hazikuwahi kuwapo. Nilipanda basi mpaka makao makuu na hoja nilizozipanga usiku kucha. Nilisema mtu huyu alimtibu majeruhi kwa mfuko wake, akawaokolea nyinyi gharama. Karani wa kaunta alinisikiliza akichonga penseli. Kisha akasema nimeeleza vizuri, na kwamba maelezo yangu yanathibitisha alichokiandika mkaguzi.

Bwana Mwakio aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mteja wa bima ya lori amefika," akasema. "Mkaribishe."

Nilikwenda kibandani kumwambia Mutua mwenyewe. Alikuwa ameketi chini, swala katikati ya miguu yake, anamchonga masikio. Aliendelea kuchonga nilipokuwa nasema. Nilipomaliza, akaweka tezo chini.

"Uliniuliza kama kuna ajali, nikakujibu hakuna."

"Ndiyo."

"Ile ilikwisha, Digrii. Ilikwisha mbele ya wazee. Ningekutajia wewe, na wewe uandike upeleke mjini, ningekuwa nasema yule mama hakunisamehe. Ningekuwa namfanya muongo."

"Kampuni haijui kitu kukwisha, Mutua."

"Ninyi hamkuniuliza kama nilimvunja mtu nikampuuza. Kama mngeniuliza hivyo..." Alipuliza vumbi la mti kwenye paja la swala. "Nani aliwaambia?"

Nilitaka kusema sijui. Nilimwambia.

Alimgeuza yule swala mikononi. Wenzake wawili wakaacha kugonga. Kisha akacheka kidogo kupitia puani. "Alikuwa ananitetea."

"Alikutetea kuliko wote."

"Basi usimwambie. Unanisikia? Na nyinyi pia," akawageukia wenzake kwa Kikamba kisha kwa Kiswahili, ili na mimi niwe ndani ya kiapo. "Mtu yeyote asimwambie yule mama."

Aliuza ile pikipiki kwa bei ya chuma chakavu. Akaenda Kariobangi kwa yule mwenye mkokoteni, akaketi na wazee wa kule, akaubeba mzigo wa nyumba ile mpaka mtu aliposimama tena kwa miguu yake. Hakuna aliyemlazimisha. Madalali walirudi na gari lao. Kazi aliyotaka kuiokoa kutoka mikononi mwao alilazimika kuibeba kwenye gunia, na pembe zikaanza tena kuvunjika. Pikipiki nyingine hakupata kamwe.

Kwa hiyo mkinisikia nikisema semeni yote, maana yake ni hii. Ukimgonga mtu, hata kama mmekwisha kunywa kahawa pamoja na kupeana mikono, iambie kampuni siku hiyo hiyo. Waambie: imetokea, tumepatana, sidai kitu. Huenda punguzo likapungua. Liache lipungue. Hakuna aliyemwambia Mutua hivyo, na mimi niliyekuwa na wasiwasi wa kila kitu sikujua kuwa kuna watu ambao kwao ajali ikisamehewa inakuwa haikutokea. Maswali yale yaliandikwa na mtu asiyewahi kuketi barazani. Nimeyaona ya siku hizi kwenye simu zenu. Ni yale yale.

Miaka ya themanini ilikuwa imesonga nilipoalikwa Majengo siku ya Idi. Mama Zaituni alikuwa amepungua macho. Mutua alikuwapo, ameketi karibu naye, gunia lake limeegemea mlango. Wageni walipojaa, mama akagonga sakafu kwa mkongojo.

"Mnamwona huyu? Mimi nilimtetea mbele ya watu wa bima! Mtu mzima mwenye viatu vya kung'aa alikula mahamri yangu hapa, akasema mama umetusaidia sana. Si kweli, Mutua?"

"Ni kweli, mama. Ulinitetea."

"Na siku hizi mbona sisikii pikipiki yako kwenye kona?"

"Niliiuza. Barabara zimeharibika, na mimi nimezeeka."

"Umefanya la maana. Vile vitu ni hatari."

Wageni wakacheka. Mimi nililirudisha hamri langu kwenye sahani. Mutua aliuchukua mkongojo, akautazama pale chini ulipolika kwa kugusa ardhi, akasema atauwekea mpira mpya wiki ijayo. Akamrudishia mama mkononi, mpini ukiwa umegeukia upande wake. Kisha akalitupa gunia begani, pembe za swala zikachungulia juu, naye akatoka kwenda kungoja basi.